Chupa Bila Glasi

Mimi si mnywaji, na sijawahi kuwa. Mama yangu alikuwa Mnubi, mwanamke wa swala tano, na kwake bia ilikuwa haramu hata kuitaja mezani. Baba alikuwa polisi kutoka Kaskazini, Mkristo wa Jumapili, na mshahara ukitoka alikunywa mpaka kuvua viatu kukamshinda. Nikazaliwa katikati yao, kwenye laini, zile nyumba za polisi, na nikaishia katikati vilevile: sinywi, namimina. Ujana wangu wote nilikuwa mtu wa kumimina bia, na mpaka leo nikimwona mtu anatia stauti kwenye bilauri ya maji, damu inanichemka. Nanyamaza kwa sababu nimezeeka, si kwa sababu nimekubali.

Hoteli niliyoanzia kazi ilikuwa Nakasero, Kampala, juu kidogo ya soko, na nilianza kabla wanajeshi hawajachukua nchi. Mkuu wa kaunta alikuwa Mgoa mmoja, mzee mwenye masharubu membamba, mkali, hana mchezo hata kidogo. Siku ya kwanza hakunionyesha chupa. Alifungua kabati la vioo akaniambia bia nitazijua baadaye, kwanza nijue nyumba zake. Glasi ndefu nyembamba ilikuwa ya pilsna, ili mtu aone vipovu vinavyopanda kutoka chini na ile rangi ya dhahabu isifichwe na unene wa kioo. Magi nzito yenye mkono ilikuwa ya bia ya pipa, ile chungu waliyoipenda Waingereza, kwa sababu mnywaji wake hukaa nayo muda mrefu na joto la kiganja halitakiwi kuifikia. Na stauti, bia nyeusi, ilikuwa na glasi yake ya mguu: tumbo pana, mdomo uliobanwa kidogo, na mguu mfupi wa kushikia. Harufu inakusanyika mle ndani, pua inaipata kabla ya ulimi. Stauti ukiipa baridi kali umeinyonga, nayo ukiitia kwenye glasi nyembamba ya pilsna inakuwa chai ya rangi tu.

Kuosha nako kulikuwa na sheria zake. Glasi ya bia haioshwi pamoja na sahani, kwa sababu mafuta yakigusa kioo povu linakufa. Haifutwi kwa kitambaa, maana kitambaa huacha manyoya. Unaisuuza kwa maji baridi, unaiinamisha ikauke yenyewe. Ukitaka kujua kama imetakata, unailowesha tena: maji yakitelemka kwa pamoja, ni safi; yakikatika matone matone, irudishe. Mgoa alinirudisha mpaka ngozi ya vidole ikajikunja. Mwanamke mwenye rangi ya mdomo na mwanamume aliyetoka kula karanga wote walikuwa maadui wa povu, na alipowaona wanaingia mlangoni aliguna. Miezi ya mwanzo nilimchukia. Baadaye nikawa mimi ndiye ninayeguna.

Kisha likatoka tangazo la kuwafukuza Wahindi, na Mgoa wangu akahesabiwa humo humo. Siku aliyoondoka alikuja kaunta amevaa koti la safari, akaangalia kabati bila kuligusa, akaniambia nizitunze. Mwenye hoteli, Mhindi vilevile, alikwenda naye. Hoteli ikapewa mkubwa mmoja wa jeshi, mmoja wa wale tuliowaita mafuta mingi, watu waliolala hawana kitu wakaamka wana maduka. Sisi tulimwita Afande. Hakuwa mtu wa kelele. Alipenda kukaa kwenye meza ya pembeni mchana, amevua kofia, akila kuku.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza kufa, na haikufa kwa uhaba wa bia peke yake. Bia ilikuwa ya magendo, leo ipo, wiki nzima haipo, hilo tulilizoea. Kilichoua kazi ni chupa. Watu waliacha kunywa kwenye glasi. Kila mtu alitaka chupa ifunguliwe mbele ya macho yake, asikie ule mlio wa kifuniko, aishike shingo mwenyewe na asiiweke chini mpaka iishe. Akienda kujisaidia alikwenda nayo. Glasi ni kitu kinachotoka nyuma ya kaunta, na nani anajua kimepitia mikono ya nani? Hadithi za sumu zilikuwa nyingi mjini, za kweli na za uongo, na hakuna aliyekuwa na muda wa kuzitenganisha. Hata wakubwa wenyewe waliniamuru nipige funda la kwanza kwenye chupa zao, mimi nisiyekunywa, ndipo wakapokea. Wallahi, katika miaka ile nilionja bia nyingi za watu wenye bunduki kuliko maji.

Basi kabati likabaki pale nyuma yangu limejaa glasi, zinang'aa, hazina mwenyewe. Nilizisuuza kila asubuhi hata kama jana hakuna iliyotumika. Wenzangu wa jikoni walinicheka, walisema natunza makaburi.

Wenzangu hao nao walikuwa jambo lingine. Walikuwa watu wa Buganda karibu wote, wema, lakini Kiswahili changu kiliwatia hofu. Kwangu Kiswahili ndiyo lugha niliyonyonya nayo, lugha ya mama kunisomea dua na ya baba kunikaripia. Kule laini hatukuwa na nyingine ya kutuunganisha. Kwao ilikuwa lugha ya wanajeshi kwenye kizuizi cha barabarani. Nilipoingia jikoni nikisema habari zenu, mazungumzo yalikatika. Nikijaribu Kiganda, walitabasamu kwa adabu na kuendelea kunyamaza. Na wanajeshi kwa upande wao waliniona wa kwao, mtoto wa polisi, wajomba zake wako Bombo kwa Wanubi, wakanipigapiga mgongo na kuniita ndugu. Hawakujua kwamba baba yangu, mtu wa Kaskazini, aliitwa kazini asubuhi moja mwanzoni mwa utawala ule na hakurudi. Mama alihamia Bombo kwa ndugu zake, mimi nikabaki na chumba kimoja Nateete. Nilikuwa naweza kumaliza siku tatu nimesema "ndiyo, Afande" na "bia hakuna", basi, hayo tu.

Katikati ya miaka hiyo akaja yeye. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, shati jeupe lenye madoa meusi kwenye mikono, ana mkoba wa ngozi uliojaa bisibisi. Alikaa kwenye kiti cha mwisho cha kaunta, akaniuliza kama stauti ipo. Nikamwambia ipo moja. Nikanyoosha mkono kuchukua kifunguo nimfungulie mbele yake kama ilivyo desturi, naye akasema, kwa Kiswahili ambacho sikuwa nimekisikia tangu nizaliwe ila redioni:

"Usinipe chupa, ndugu yangu. Kama glasi yake ipo, nimiminie huko huko uliko."

Nilimtazama nikidhani ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Nikaichukua glasi ya mguu, nikailowesha, nikamgeuzia mgongo na kumimina polepole, nusu, nikaiacha itulie, nikamalizia. Povu likasimama la rangi ya maziwa yaliyoungua. Nilipomwekea mbele yake, naona aibu kusema, nilikuwa na furaha. Alinusa kwanza. Kisha akanywa bila kuniuliza niionje. Akasema chupa ni ya watu wasioaminiana.

Tangu hapo alikuja jioni nyingi, mara baada ya ofisi kufungwa, jua likiwa bado liko dirishani. Alikuwa fundi wa mashine za kuandikia. Alizunguka ofisi za serikali pale Nakasero akizifungua na kuzitia mafuta. Kwao ilikuwa Tanga, alikuja Kampala kijana, zamani watu walipokuwa wakivuka mipaka bila kuulizwa. Aliniambia mashine za huku herufi e ndiyo inayolika mapema, kwa sababu maofisa wanaandika Kiingereza. Za kwao Tanga inalika a. Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Jambo dogo tu, lakini hakuna mtu aliyekuwa ameniambia jambo la kunichekesha kwa muda mrefu. Nami nikamweleza habari za glasi, habari zote, sabuni na karanga na rangi za midomo, na alisikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi. Stauti ikipatikana nilimfichia chini ya kaunta, nyuma ya maboksi, mahali pasipo baridi.

Majina hatukuulizana. Miaka ile jina lilikuwa mzigo: ukilijua unaweza kuulizwa. Yeye aliniita ndugu yangu, mimi nilimwita fundi. Sikujua anakaa mtaa gani, hakujua nakaa wapi. Nilijua tu kwamba mlango ukifunguka na mkoba ule ukatangulia, siku yangu imepona. Nisione haya kulisema: alikuwa rafiki yangu, na sikuwa na mwingine.

Asubuhi moja Afande aliniita kwenye meza yake ya pembeni. Alikuwa anatafuna. Aliniuliza kwa utaratibu habari za mtu anayeongea kama redio ya Dar es Salaam, na siku zile mtu wa Tanzania alihesabiwa jasusi. Nikasema watu wengi wanapita, sijui. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika na jibu, akafuta vidole.

"Vijana yangu hapana jua sura yake," akasema. "Wanajua tu ile mutu nakunywa na glasi ya mguu. Hapa hakuna mwingine. Leo akikuja, wewe patia yeye glasi yake. Glasi itaonyesha."

Nikasema ndiyo, Afande. Ningesema nini? Yule bwana alirudi kwenye kuku wake.

Nilikaa na hilo tangu asubuhi mpaka jioni, na hakuna aliyepata kunishauri. Nitoke nimtafute wapi? Sikujua nyumba wala jina. Hata ofisi, siku ile angeweza kuwa kwenye yoyote. Kutoka mlangoni nako hakukuwezekana, maana vijana wa Afande walikuja mapema. Walikuwa wawili, wa suruali pana na miwani myeusi. Mmoja akakaa kwenye meza iliyo mgongoni mwa kiti cha fundi, mwingine akaja kaunta kabisa, kiti cha pili kutoka kile, akaweka viwiko. Walitaka bia. Nikawafungulia mbele ya macho yao, nikaonja, wakapokea. Sauti hata ya kunong'ona ingewafikia.

Nilifikiri kuzivunja glasi za mguu zote. Zilikuwa zimebaki chache na ningeweza kusema zimeniponyoka. Lakini Afande hakuwa mjinga; angejua siku hiyo hiyo. Kisha nikaona kwamba vijana wale hawakuwa wanatazama mlango sana. Walikuwa wanatazama mikono yangu. Basi nikatoa glasi moja ya mguu kabatini, nikaisuuza mbele yao taratibu, nikaiweka peke yake kwenye kaunta karibu na bomba, mahali panapoonekana. Macho yao yakaenda hapo na kukaa. Wao walikuwa wakisubiri glasi, si mtu. Yule atakayenywa kwenye chupa ni mnywaji tu kama wengine.

Nilichokiogopa kilikuwa mdomo wake. Sura hawaijui, lakini akisema maneno mawili ya Kiswahili chake, amekwisha.

Alikuja saa zake. Mkoba ukatangulia, kisha yeye, uso umechangamka, nikajua ana la kunisimulia. Akapanda kwenye kiti chake. Kabla hajavuta pumzi ya kusema nilikuwa nimekwisha kuchukua chupa ya stauti, si ile niliyomfichia, ya frijini, inatoka jasho la baridi. Nikaifungua mbele ya pua yake na kuigonga kwenye kaunta. Sikuleta glasi. Akanyanyua kidole kuelekea ile iliyokuwa karibu na bomba, akafungua mdomo, nami nikamkata kwa Kiganda, kwa ukali, nikasema "Tewali," yaani hakuna. Hakuna, na glasi ipo, inang'aa, inatazamwa na watu watatu. Nikamgeuzia mgongo, nikaanza kupanga vitu ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa.

Kwenye kioo cha nyuma ya kabati nilimwona. Alitazama chupa. Alitazama glasi. Alinitazama mimi kisogoni, muda mrefu, na nilikuwa namwomba moyoni, nenda, fundi, nyamaza, nenda, elewa, ndugu yangu, Mwenyezi Mungu akueleweshe. Sikuweza kugeuka. Kama ningegeuka, uso wangu ungesema kila kitu na kwa wote. Hatimaye alishuka kwenye kiti, akachukua mkoba wake, akatoka bila kunywa na bila kusema neno. Alikuwa ameelewa, nikajiambia. Mtu yule anayejua kwamba chupa ni ya wasioaminiana, mtu aliyesikiliza habari zote za glasi, atakosaje kuelewa?

Yule kijana wa kaunta akacheka, akasema huyu mzee ana maringo, hataki bia ya chupa ya baridi. Akaivuta chupa ya fundi kwake akainywa. Wakasubiri mpaka tunafunga.

Kesho yake Afande aliniuliza, nikasema mtu wa glasi ya mguu hakuja. Vijana wakathibitisha: glasi haikuguswa. Hakuridhika. Alinipiga kofi moja la kiganja wazi hapa, sikio la kushoto, na sikio hilo mpaka leo linavuma kama upepo mdomoni mwa chupa. Siku nyingi zilizofuata vijana waliendelea kuja na mimi niliendelea kuweka ile glasi mahali pake. Fundi hakuja. Kila siku asipokuja nilimshukuru Mungu, na kila siku asipokuja nilirudi Nateete nikala peke yangu, nikalala. Yote mawili kwa pamoja. Hali hiyo sijui inaitwaje.

Miaka iliyobaki ya utawala ule niliiishi kwa fikra moja. Jikoni waliendelea kuninyamazia. Mama alifariki Bombo nikamzika. Wanajeshi waliendelea kuniita ndugu. Lakini nilijiambia kwamba mahali fulani, Kisumu au Tanga au hata ofisi nyingine ya mjini hapa hapa, kuna mtu mmoja anayenijua mimi ni nani. Anajua nilichofanya. Pengine anawasimulia watu. Nilimwona kichwani akiwasimulia, na alikuwa akieleza vizuri, kwa kile Kiswahili chake, jinsi glasi ilivyokuwa pale na jinsi nilivyosema hakuna. Fikra hiyo ilinitosha kuamka nayo. Wengine walikuwa na wake na watoto, mimi nilikuwa na hiyo.

Vita vilipokuja na utawala ukaanguka, hoteli iliporwa kwa siku moja. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikatazama kabati langu likitoka mlangoni kwenye vichwa vya watu. Sikuwalaumu, kila mtu alikuwa anachukua. Baadaye niliiona glasi moja ya mguu sokoni Nateete, mama mmoja muuzaji anapimia simsim, yaani ufuta. Nilimwuliza kama ataiuza akaniambia ndicho kipimo chake, aniuzie atapimia nini.

Nikafungua kibanda changu Nateete, karibu na stendi ya teksi, nikauza tonto, pombe ya ndizi. Tonto nayo ina nyumba yake, ni kibuyu, na ndani ya kibuyu ladha yake inatulia. Lakini vibuyu havikupatikana, watu walikuwa wamerudi mjini mikono mitupu, kwa hiyo niliuza kwenye vikombe vya plastiki vya rangi mbalimbali na nikajichukia kila nilipomimina. Askari wa Tanzania walikuja kunywa. Mji ukawa unakipenda Kiswahili ghafla. Watu walionikwepa kwa miaka sasa waliniomba niwafasirie. Nilifasiri. Sikuwa na kinyongo, au nilikuwa nacho kidogo.

Fundi alikuja mchana mmoja. Alikuwa na vijana wawili wa kwao, na mkoba ulikuwa mwingine, mpya, wa turubai. Mvi zilikuwa zimeanza pembeni mwa masikio. Nilimwona kabla hajaniona. Yu hai! Niliweka vikombe vitatu mbele yao, nikasema karibu, fundi.

Aliinua macho. Alinitambua mara moja, nikaona. Lakini uso haukufunguka. Aliwageukia wale vijana na kuwaambia, kwa sauti ya kawaida tu, bila ubaya, kwamba huyu hapa zamani alikuwa mhudumu wa hoteli moja Nakasero, hodari sana wa glasi. Wakasema aa. Kisha akaniambia mimi:

"Siku ile niliondoka Kampala kwa sababu yako, unajua?"

Nikasema najua. Moyo ulikuwa umenijaa. Nikadhani ndiyo hiyo sasa, anaanza kusimulia.

Hakuwa anasimulia nilichodhani. Alisema shemeji yake alikuwa na lori la kwenda Busia, mpakani, usiku ule, na alikuwa amembembeleza wiki nzima aondoke naye, yeye akawa anakataa. Katika mji huu alikuwa na mtu mmoja tu wa kuongea naye, akajiambia akiwa bado yupo huyo basi pana maisha. Kisha jioni ile akaingia na yule mtu mmoja akampa chupa. Akamnyima glasi iliyokuwa pale pale mbele ya macho. Akamwonyesha mgongo. Alisema alielewa kwamba na mimi nimeanza kumwogopa, au nimepewa maneno, au nimechoka na Kiswahili chake cha nje. Yote ni mamoja. Alitoka pale akaenda moja kwa moja kwenye lori.

Nilimwambia kila kitu. Nilisimama pale, wateja wengine wanaita, nikamweleza habari za Afande, na vijana wa miwani, na glasi niliyoiweka wazi kusudi, na kwa nini Kiganda, na kwa nini mgongo. Nilimwonyesha sikio. Nilisema haraka mno, nilijisikia mwenyewe naharibu, maneno yanapandana kama ya mtu anayejitetea mahakamani. Wale vijana wawili walitazama vikombe vyao.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa adabu siku zote. Halafu akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionivunja.

"Ndugu yangu," akasema, "tangu nirudi, mwenye nyumba yangu ameniambia aliniokoa. Jirani ameniambia aliniokoa. Karani aliyenichongea ofisini, naye ameniambia aliniokoa. Kampala nzima iliokoa watu. Sasa waliokufa, waliuawa na nani?"

Alikuwa ameketi mbele yangu mzima, anapumua, na duniani hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa pale jioni ile ila wale waliokuja kumchukua. Nilitaka kulia mbele za wateja. Nikachukua jagi nimwongezee tonto, nimwongezee chochote, akafunika kikombe kwa kiganja. Akasema inatosha, akaniambia asante, wakanyanyuka wakaelekea stendi.